Koplo Hodi na Mlango wa Mbele

Koplo Mbuthia ana vidole vinane vya miguu, na kila jioni mkewe huvihesabu.

Si siri. Pita nyuma ya soko la Kaplong giza likianza kuingia, utamkuta mzee ameketi kwenye stuli, viatu vya serikali vimetupwa mbali kwa sababu ya afya ya umma, na Wahu ameinama mbele yake na beseni la maji moto.

"Toa mguu wa kushoto."

"Wa kushoto si uliona jana?"

"Jana ilikuwa jana. Toa."

Akishatosheka humpa chakula. Asipotosheka sijui hufanya nini, maana tangu Mulot hesabu haijapungua.

Vile viwili vilibaki Mulot. Wakati huo Mbuthia alikuwa konstebo kijana mwenye kifua, mgeni huku kwetu, na alipenda kitu kimoja ambacho polisi wote wa nchi hii hupenda kuliko mshahara: kupiga mlango teke. Usimwulize polisi kwa nini asijaribu kitasa kwanza. Utamkosea heshima. Mlango wa nyumba ya bangi ni wa teke, tena teke la mlango wa nyuma, kwa kuwa mwenye nyumba atatorokea nyuma, na atakayemkuta huko ndiye atakayetajwa kwenye taarifa.

Basi Mbuthia alizunguka nyuma, akapiga teke, mlango ukaanguka vizuri kabisa, naye akatua ndani kwa mguu mmoja kama shujaa. Alitua juu ya ubao wa misumari uliofunikwa na maganda ya mahindi. Msumari una kutu, kutu ina mambo yake, na hospitali ilipomaliza kazi kiatu cha kushoto kilikuwa kimebaki na nafasi.

Muuza bangi mwenyewe alipatikana sebuleni anakunywa uji. Mlango wa mbele ulikuwa wazi.

Miezi iliyofuata Mbuthia alijifunza kutembea upya uani kwake, ameegemea bega la binti yake. Jecinta alikuwa darasa la tatu, mfupi kama debe, na bega lake lilikuwa kwenye kimo kinachofaa. Walizunguka ua asubuhi na jioni, kuku wakiwapisha njia. Siku moja mtoto alichoka akakaa chini.

"Baba, wewe ni mzito."

"Vumilia. Siku yako ya harusi ni wewe utaniegemea mimi. Nitakupandisha mlima wote hadi kanisani, na sitashika fimbo wala ukuta."

"Na ukianguka?"

"Nikianguka usiolewe."

Watoto wana tabia mbaya ya kukumbuka.

*

Mguu ulipopona, Mbuthia alirudi kazini akiwa na fikira, jambo ambalo serikali haikumtuma. Fikira yenyewe ilikuwa hivi. Mitego yote aliyowahi kuiona au kusimuliwa ilikuwa nyuma. Mzee mmoja alikuwa amening'iniza mzinga wa nyuki juu ya mlango wa jikoni. Polisi watatu walikimbia hadi mtoni na bunduki zao, na samaki wakashangaa. Kwingine mtu alikata mbao za choo kwa msumeno, akijua kwamba polisi akikosa kitu ndani ya nyumba hukimbilia chooni. Yule konstebo aliyezama tulimwogesha kwa pampu ya dawa ya ng'ombe na bado hakukaribishwa kwenye gari. Huyo tunamcheka. Yule aliyepoteza macho kwa waya wa nyuma ya nyumba, upande wa Sotik, hatumcheki. Hutembea sokoni akishikwa mkono na kaka yake, na akipita, hata walevi hunyamaza.

Lakini mlango wa mbele, alisema Mbuthia, hupitwa na mama wa nyumba akienda kuuza maziwa. Hupitwa na kuku, na watoto wa jirani, na pasta anayenusa chapati toka barabarani. Nani atatega mlango ambao pasta anapitia?

Kwa hiyo akaanza mtindo wake. Wenzake wakizunguka nyumba kama mchezo wa kitoto, yeye alienda mbele, akavua kofia, akasema, "Hodi." Halafu akangoja. Hakugusa mlango mpaka asikie karibu, na akisikia karibu aliingia, akauliza habari ya ng'ombe, akanywa chai akipewa, halafu ndipo akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba ana ruhusa ya korti ya kupekua nyumba. Ukishampa mtu chai yako ni vigumu sana kumwacha akanyage misumari yako. Akina mama walianza kusema wenyewe: "Usipite hapo, baba, pitia huku."

Wenzake walimcheka, wakamwita Koplo Hodi. Fundi mmoja wa milango pale senta alimchukia wazi, kwa kuwa alimharibia biashara. Hata hivyo tangu aanze kubisha hodi, hakuna askari wa kituo chetu aliyerudi na kiungo pungufu, na polepole kicheko kikapungua. Alipokuja bosi mpya, Inspekta Chelimo, binti wa Kikipsigis wa huku kwetu kwa chai, mrefu, mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, alitazama kazi ya mzee kwa mwezi mmoja akatoa amri: kuanzia leo kila mtu anapitia mbele.

Serikali nayo ilitaka kusaidia. Walipelekwa semina ya mitego katika hoteli moja mjini Kericho, wakaonyeshwa picha za mabomu ya nchi zenye jangwa, wakapewa kalamu na soda. Mbuthia alirudi na kalamu tatu. Wahu alihesabu vidole kama kawaida.

*

Sasa harusi ya Jecinta ilikuwa Jumamosi. Bwana harusi ni kijana wa Kabianga, mpole, anafundisha hesabu, na hatuna neno baya juu yake isipokuwa hanywi. Kanisa liko juu ya mlima. Barabara ya kupanda ni ya mawe na matope, na mvua ya huku kwetu haiulizi nani anaoa. Magari huachwa chini. Bibi harusi hupanda kwa miguu akiwa na baba yake, na kijiji kizima husimama kando kuhukumu.

Mbuthia alikuwa amefanya mazoezi mwezi mzima. Kila jioni ungemwona akipanda mlima ule peke yake, mkono mmoja umekunjwa kiunoni kana kwamba ameshikwa na mtu asiyeonekana. Wapita njia walimwamkia yeye na huyo mtu.

"Likizo inaanza lini?" Wahu aliuliza.

"Ijumaa."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi ni kazi ndogo tu."

Wahu aliweka beseni chini. "Baba Jecinta, sikia. Ukinirudia Alhamisi na mguu mmoja, Jumamosi nitakupandisha kwa wilbaro. Nitaifunga na maua. Usifikiri nakutania."

"Najua hutanii."

"Na mtoto ataolewa akilia."

Hilo la mwisho ndilo lililomnyima usingizi. Wilbaro angeivumilia.

*

Kazi ndogo ya Alhamisi ilikuwa nyumbani kwa Priscah, ambaye sisi humwita Mama Kiplangat. Mjane, ana shamba dogo la chai na ng'ombe wawili, na kanisani ndiye anayeshika ufunguo wa sanduku la sadaka. Mwanawe Kiplangat alisoma chuo mihula miwili akaacha, kama wenye akili wengi. Akarudi nyumbani, akachuna chai ya mama yake asubuhi, na mchana akajaza bangi kwenye magunia yale yale, majani ya chai juu, bangi chini. Malori ya kwenda Narok yalimjua.

Kabla ya hayo yote alijulikana kwa jambo lingine. Tangu utotoni Kiplangat alikuwa mtegaji wa fuko bora kuliko wote upande huu. Fuko akianza kula viazi vyako unamwita Kiplangat, anapinda mti mbichi, anaufunga kwa uzi juu ya shimo, na kesho yake mti umesimama wima na fuko ananing'inia. Hata Mbuthia alikuwa amemwita mara mbili kwa shamba lake la sukuma wiki.

Walifika saa za asubuhi, umande ukiwa bado juu ya chai. Inspekta Chelimo mbele, Mbuthia kando yake, makonstebo wanne nyuma, kimya, wamefundishika. Nyumba ya bati ilitazama shamba. Jiko lilikuwa kibanda kilichoshikana na nyumba kwa nyuma, kinatoa moshi. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, wa bluu, safi, na chini yake kulikuwa na zulia dogo la gunia la kupangusia miguu.

Mbuthia alivua kofia.

"Hodi!"

Hakuna kitu.

"Hodi hapa! Chamgei, mama!" akamwamkia kwa lugha ya kwao.

Sauti ikaja kutoka jikoni, juu kidogo kuliko kawaida ya mama mtaratibu. "Chamgei! Ni nani?"

"Ni Mbuthia wa kituo. Tumekuja kukuona."

Kijiko kilianguka mahali.

"Pitia huku jikoni," mama alisema.

Makonstebo walitazamana. Jikoni ni nyuma, na nyuma ndiko walikofundishwa wasikanyage. Konstebo mmoja alinong'ona, "Afande, hiyo ndiyo mitego yenyewe. Anatuvuta nyuma."

Mbuthia naye aliona hivyo. Kwa miaka yote hiyo mlango wa mbele haukuwahi kumdanganya. Aliweka kiganja kwenye ubao wa bluu, taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

"Mama, sisi ni wageni," alisema kwa sauti ya kubembeleza. "Tutapitia huku mbele tu, tusikusumbue."

"Mlango huo ni mbovu! Pitia jikoni!"

"Nitausukuma pole pole."

"Baba Jecinta!" Sasa mama alikuwa anapiga kelele. "Nimesema jikoni!"

Inspekta Chelimo akamshika mkono.

"Koplo, ngoja. Toa mkono hapo."

"Bosi, si wewe ulitoa amri?"

"Ngoja nikuulize. Wewe umeishi na sisi miaka mingapi? Umewahi kukaribishwa nyumba ya Mkipsigis kwa kupitia jikoni?"

Mbuthia akafikiri. Alikuwa amekunywa chai na mursik, yale maziwa yao ya kibuyuni, katika nyumba nyingi za huku, nyingine zikiwa za watu aliowafunga jioni hiyo hiyo. Hakuwahi.

"Mama yangu mzazi," alisema Chelimo, "mgeni akija akute sebule ina ndama mgonjwa, anatoa ndama. Akute haijafagiwa, anamsimamisha nje afagie kwanza. Lakini jikoni? Mgeni wa kiume? Afadhali aseme hayuko. Huyu ni Mama Kiplangat wa kanisani, anajiaibisha mbele ya makonstebo wanne. Kwa nini?"

Mbuthia aliutazama mlango. Halafu akageuka kuitazama bustani ya sukuma iliyo kando ya nyumba, na hapo akaona kitu ambacho angekiona mapema kama hangekuwa anajisikia fundi. Bustani ilikuwa imejaa vichuguu vya fuko, vibichi, kila mahali, sukuma zimelala chini. Nyumbani kwa mtegaji bora wa fuko. Na hakukuwa na hata kijiti kimoja kilichopindwa.

Mtegaji alikuwa amehamisha kazi.

Aliondoa kiganja chake kwenye mlango kama mtu anayetoa mkono mdomoni mwa mbwa aliyelala. Kisha akafanya jambo la aibu kwa afisa wa serikali: alirudi kinyumenyume, hatua ndogo ndogo, akikanyaga alama za viatu vyake mwenyewe.

"Tunakuja jikoni, mama," alisema.

*

Njia ya jikoni ilikuwa salama kama kiganja. Mama Kiplangat alikuwa amesimama kando ya moto, leso kichwani, mikono imeshikana. Hakuwaangalia usoni. Alimpisha Mbuthia kwenye kijimlango kinachoingia sebuleni, akamwonyesha kwa kidevu.

Nyuma ya mlango wa bluu kulikuwa na mtego wa fuko. Ila fuko aliyekusudiwa alikuwa na uzito wa kilo tisini. Mti mbichi wa blugamu, mnene kama paja la mtoto, ulikuwa umepindwa hadi ukuta wa pili na kushikiliwa na waya uliofungwa kwenye mlango, na kwenye ncha yake misumari ya inchi sita imepangwa kama meno. Ulikuwa umepimwa kwa kimo cha goti.

Konstebo yule wa kunong'ona alitoka nje, akasikika akiita jina la Yesu na kisha akitapika kwenye chai.

"Alisema Koplo Hodi hupita mbele," mama alisema polepole. "Alisema kila mtu anajua."

Mbuthia akakaa chini, pale pale kwenye udongo wa jikoni. Jina lake lilikuwa limesafiri kumzidi. Kituo kizima kilikuwa kimepangwa nyuma yake kwa adabu yote, na ni yeye aliyewafundisha.

"Asante, mama," alisema. "Umeniokoa mguu. Jumamosi nina..."

"Sikukuokoa wewe." Mama alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mtoto wa bangi hufungwa halafu hurudi. Mtoto aliyeua askari harudi. Nimeokoa wangu."

Kiplangat walimpata juu ya dari, katikati ya magunia. Alishuka bila fujo. Alipofika chini hakumwangalia polisi yeyote. Alimwangalia mama yake.

"Mama, umeniuza?"

Mama alichukua kanga iliyokuwa kwenye kamba akamfunga begani, kwa maana kulikuwa na baridi na gari la polisi halina madirisha. "Nenda," alisema. "Usibishane na watu."

Mtego waliufyatua baadaye kwa kamba ndefu, wote wakiwa wamelala nyuma ya chai. Mlango wa bluu uliruka kama karatasi.

*

Jioni hiyo Wahu alihesabu vinane, akahesabu tena, kwa kuwa mumewe alitoa miguu yote miwili bila kuambiwa.

"Nini imetokea?"

"Hakuna."

"Baba Jecinta."

Akamwambia yote. Wahu alikaa na mguu wa mumewe mapajani mwake hadi maji yakapoa. "Ngai," alimwita Mungu mwishowe kwa lugha ya kwao, na hakutaja wilbaro.

Jumamosi ilinyesha, tulijua itanyesha. Mbuthia alipanda mlima akiwa na suti ya kahawia iliyonunuliwa enzi za kifua, binti yake mkononi, matope hadi kwenye vifundo. Hakushika fimbo wala ukuta. Nusu ya mlima Jecinta aliteleza na akamwegemea kwa uzito wake wote, shela na vyote.

"Baba, mimi ni mzito?"

"Sana," alisema Mbuthia. "Vumilia."

Kijiji kilichosimama kando kuhukumu kilishindwa kazi yake. Hata fundi wa milango alipenga kamasi.

Mama Kiplangat hakuja. Alikuwa ameletewa kadi, na ufunguo wa sanduku alimpa mtu mwingine.

*

Jumapili baada ya ibada Mbuthia alifunga kipande kikubwa cha keki kwenye karatasi, akatembea peke yake hadi kwa mjane. Mlango wa mbele ulikuwa mpya, wa mbao mbichi, haujapakwa rangi. Akavua kofia.

"Hodi."

Kuku walipita. Ng'ombe alikohoa. Mzee alisimama na keki mkononi, goti likimuuma kwa ule mlima, na hakugusa mlango.

"Hodi, mama."

"Ni nani?"

"Mbuthia."

"Umekuja kwa kazi ama ni mgeni?"

"Ni mgeni."

Alingoja muda mrefu. Makopo yaligongana ndani, ufagio ukapita, kiti kikaburutwa. Halafu komeo likasogea.

"Pitia mbele," mama alisema. "Viatu toa hapo. Nimepiga deki."

Akatoa viatu. Mama Kiplangat aliutazama mguu wa kushoto, vidole vitatu na kovu, bila kuficha macho.

"Ndio huu?"

"Huu ni ule wa Mulot. Ila Alhamisi yote miwili ilikuwa karibu iende."

"Mguu mbaya hivi," alisema, "na mimi nikampoteza mtoto kwa sababu yake."

Mbuthia aliweka keki mezani. Mama alimimina chai, ya maziwa mengi, akamsogezea kikombe, akakaa mbele yake.

"Siku ya kesi utasema nini?"

"Nitasema mlango ulikuwa na mtego. Siwezi kusema haukuwa."

"Mm."

"Na nitasema ni nani alinizuia, na alipiga kelele mara ngapi, na mimi nikiwa mbishi."

Mama Kiplangat alikata keki kwa kisu cha mkate, kipande chake na cha mgeni, na kingine akakifunika kwa sahani.

"Sema yote mawili," alisema. "Hiki utampelekea mwanangu huko ndani. Sasa kunywa, inapoa."